Kumuua Nondo ili Kumjua

Katika kazi ya kutambua wadudu, nondo wadogo wa kahawia ndio huwakatisha tamaa watu wengi. Kipepeo wa mchana mwenye rangi kali unaweza kumtambua akiwa juu ya ua, nawe umesimama hatua tatu kutoka kwake. Nondo mdogo wa kahawia hakupi nafasi hiyo. Michoro ya mabawa yake ni hafifu, na imefanywa kwa magamba madogo mno ambayo hupukutika kila anapojigonga. Akishaishi siku kadhaa anabaki na rangi ya vumbi. Spishi mbili zinaweza kufanana kabisa kwa nje, na tofauti yake ikawa imejificha ndani ya tumbo, kwenye viungo vya uzazi. Ili kuiona, mtaalamu hulikata tumbo, huliloweka kwenye dawa kali inayoyeyusha nyama laini, kisha hutazama kwa hadubini sehemu ngumu zinazobaki. Njia hii hutoa jibu ambalo picha haiwezi kulitoa. Ila haifanyiki kwa nondo aliye hai.

Hapo ndipo linapozaliwa swali ninalotaka tulitafakari: je, ni halali kumuua kiumbe kwa sababu moja tu, kwamba unataka kujua anaitwaje na anaishi wapi?

Najua swali hili linaweza kuonekana la mtu aliyeshiba. Tunaua mbu kila usiku na hakuna anayelala na deni moyoni. Lakini mbu ana kesi ya kujibu: analeta malaria. Dumuzi anayetoboa mahindi ghalani naye ana kesi. Nondo ninayemzungumzia hana kesi yoyote. Haumi, hali nguo, hajagusa shamba la mtu. Akifa, amekufa kwa ajili ya udadisi wangu. Na kwa kuwa hatuna ugomvi naye wala hatumtegemei kwa chakula, anatufaa sana kulipimia swali lenyewe. Tukiondoa hasira na njaa, kiu ya kujua peke yake ina haki gani juu ya uhai?

Nondo huyo ninamwona hapa Kibirizi, mwalo ulio kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Wageni wengi wanapajua kwa sababu boti za kwenda Gombe huondokea hapa. Wenyeji tunapajua kwa dagaa, wanaoshushwa alfajiri na kuanikwa hadi wakauke. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi taa za betri na za sola zimeshika nafasi. Taa huwavuta viumbe wadogo wa majini, hao huwavuta dagaa, na dagaa huwavuta migebuka. Nchi kavu taa hizo hizo, zikiwa zimetundikwa barazani zikisubiri kupelekwa kwenye vyombo, huleta nondo.

Mmoja wao hutua kwenye ukuta wa nyumba ya shangazi yangu, anayekausha dagaa. Ni wa kahawia, mabawa yake yakiwa wazi hayazidi upana wa sarafu ya shilingi mia, na anapotulia huyabana ukutani kama kipande cha karatasi kilichogandishwa. Nilimpiga picha usiku kadhaa, nikazituma kwa watu wawili wanaowajua nondo kuliko mimi. Wote wawili wakajibu jambo lile lile: anafanana na nondo wa jenasi Eupithecia, lakini kutaja spishi kwa picha haiwezekani. Jenasi hiyo ina spishi zaidi ya 1,400 zilizopewa majina duniani, nyingi zikiwa ndogo, za kahawia au za kijivu, na wataalamu huzitenganisha kwa kupasua tumbo. Mmoja akaongeza: ukimpata tena, mhifadhi.

Shangazi alipouliza kuhifadhi maana yake nini, nikamweleza. Akaendelea kupepeta dagaa zake, kisha akasema, "Sasa mwanangu, ukishamuua ndiyo atakutajia jina?"

Nilicheka, naye akacheka. Lakini swali lake lilinikaa. Ndani yake kuna mawili: kwanza, jina lina kazi gani? Pili, kifo kinaleta jina kwa njia gani?

Nianze na la kwanza. Kiswahili chetu hakijampa nondo nafasi kubwa. Ukisema nondo mjini, wengi watafikiria chuma cha kujengea. Vijana tukisema fulani ameshusha nondo, tuna maana ametoa hoja nzito. Mdudu mwenyewe anakumbukwa kwa uharibifu: katika Injili ya Mathayo ametajwa pamoja na kutu kuwa mharibifu wa hazina. Duniani kuna spishi za nondo zaidi ya 130,000 zilizokwisha kuelezwa, na sisi tuna neno moja, ambalo tunalichangia na chuma. Kwa matumizi ya kila siku linatosha. Kuna siku halikutosha.

Kwa muda mrefu wakulima wa Afrika Mashariki wamewajua viwavijeshi, ambao ni watoto wa nondo wa kahawia na kijivu anayeitwa Spodoptera exempta. Viwavi hao hutokea kwa vishindo: mwaka mmoja huonekani hata mmoja, mwaka mwingine wanatembea ardhini kwa maelfu wakimaliza nyasi na mazao ya nafaka. Nondo wenyewe husafiri na upepo kutoka nchi moja hadi nyingine. Ndiyo maana ulijengwa utaratibu wa mitego yenye harufu ya jike, inayonasa madume, ili kutabiri mlipuko utakuja lini na wapi. Kisha mwanzoni mwa mwaka 2016, Afrika Magharibi, mahindi yakaanza kuliwa na kiwavi aliyefanana nao. Sampuli zilipochunguzwa kwa umbile na kwa vinasaba, ikagundulika ni Spodoptera frugiperda, nondo wa Amerika aliyepewa jina tangu mwaka 1797 na ambaye hakuwa amewahi kujulikana kuwepo barani Afrika. Mwaka 2017 alikuwa ameshathibitishwa Tanzania. Miaka michache baadaye alikuwa India, China na Australia.

Kwa mkulima tofauti ya majina hayo mawili haikuwa ya vitabuni. Kiwavijeshi wa zamani hutembea wazi kwa makundi, halafu hutoweka. Huyu mgeni hujificha ndani ya moyo wa mhindi, ambako dawa iliyopulizwa juu juu haimfikii. Wenzake akikutana nao huwala. Na penye joto na chakula habanduki, anazaliana mwaka mzima. Mkulima aliyemwita kwa jina la yule wa zamani alikuwa akingoja apite, kama wazee wake walivyongoja. Hakupita. Jina sahihi lilikuwa na habari ndani yake: anajificha wapi, anakaa muda gani, atashambuliwa kwa njia gani. Na jina hilo lilipatikana kwa sababu nondo na viwavi kadhaa walikufa mezani.

Hata ndani ya jenasi ya nondo wangu kuna somo la aina hiyo. Viwavi wengi wa Eupithecia hula maua na majani. Lakini katika visiwa vya Hawaii, miaka ya 1970, iligunduliwa kwamba wapo wanaotulia kama kijiti juu ya jani, nzi akiwagusa mgongoni wanageuka ghafla na kumkamata. Jenasi ile ile, maisha tofauti kabisa. Kwa hiyo nikisema "huyu ni Eupithecia" nimesema kitu, lakini nimebakiza mengi. Shangazi aelewe, basi, kwamba jina ni zaidi ya pambo. Ni mlango wa kuingilia kwenye kila kilichokwisha kujulikana juu ya kiumbe huyo, na bila jina huo mlango umefungwa.

Sasa tuje kwenye makazi, maana atakayetaja jina la spishi swali linalofuata ni: anapatikana wapi?

Mtawanyiko wa spishi huonyeshwa kwa nukta juu ya ramani. Kila nukta ina maana kwamba mtu fulani, siku fulani, alimwona au alimkamata mdudu huyo mahali hapo. Ukizitazama ramani za nondo wa Afrika utaona nukta zimejikusanya penye miji, vituo vya utafiti, barabara na hifadhi. Nondo hawana mapenzi ya barabara. Nukta zinaonyesha walikosimama watu wenye taa. Linganisha na Uingereza. Nchi hiyo ina spishi za nondo zipatazo 2,500, na tangu mwaka 1852, pale mtaalamu wa mimea Hewett Cottrell Watson alipoigawa Britania katika maeneo 112 ya kuandikia kumbukumbu, watu wa kawaida wamekuwa wakijaza ramani hizo kizazi hadi kizazi. Huko nukta moja zaidi ni tone la maji baharini. Kwenye mwambao wa Tanganyika nukta moja inaweza kusogeza mpaka wa spishi kwa mamia ya kilomita.

Kuna mtu mmoja anayeziunganisha sehemu hizo mbili. Mwingereza C. B. Williams alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kwenye milima ya Usambara, mwishoni mwa miaka ya 1920. Aliporudi kwao aliwasha mtego wa taa huko Rothamsted kuanzia mwaka 1933, akawahesabu wadudu walionaswa, usiku baada ya usiku, kwa miaka kadhaa. Moja ya mambo aliyoyaonyesha ni kwamba usiku wa mwezi mpevu mtego hunasa nondo wachache kuliko usiku wa giza.

Mvuvi yeyote wa Kibirizi angeweza kumwambia hivyo kuhusu dagaa. Siku za mbalamwezi taa ya mvuvi inashindana na taa ya mbinguni, mavuno yanapungua, na wengi hutumia siku hizo kushona nyavu. Lakini sijawahi kumsikia mvuvi aliyerudi na wavu mtupu usiku wa mbalamwezi akitangaza kwamba dagaa wamekwisha ziwani. Anajua kwamba wavu wake unapima mambo mawili kwa pamoja: samaki waliopo, na uwezo wake wa kuwaona usiku huo. Mwaka 2024 Tanzania ilipopumzisha uvuvi katika ziwa hili kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, hakuna aliyehitimisha kwamba samaki hawapo kwa kuwa hawavuliwi. Walipumzishwa kwa sababu wapo, na tunataka waendelee kuwepo.

Sarufi yetu inalijua jambo hili vizuri. Kiswahili kinatenganisha "hayupo", "hakuonekana" na "hajaonekana". La kwanza linadai kumjua mdudu na dunia yake nzima. La pili linasimulia usiku mmoja. La tatu linaacha mlango wazi: mpaka sasa bado, na kesho ni siku nyingine. Sehemu kubwa ya ramani tupu za nondo wa Afrika ingepaswa kusomwa kwa "hajaonekana". Mara nyingi husomwa kwa "hayupo", na usomaji huo una madhara. Msitu ukitaka kufyekwa, hoja huwa rahisi pale ramani inaposema hakuna spishi ya pekee mahali hapo, hata kama ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kwenda na taa.

Hadi hapa nimejijengea hoja nzito ya kuua. Jina lina kazi, nukta ya Kibirizi ina thamani kubwa kuliko nukta ya London, na nondo wenyewe ni wengi. Jike mmoja wa nondo kwa kawaida hutaga mayai kwa makumi au mamia, na mengi hayafiki utu uzima. Mjusi wa ukutani kwa shangazi anakula nondo wengi kwa wiki kuliko ambao mimi ningewahitaji kwa maisha yangu yote. Kwa nini basi mkono unasita?

Sababu ya kwanza ni kwamba hoja ya "huenda siku moja ikafaa" haina ukingo. Kila kitu huenda siku moja kikafaa. Kwa hoja hiyo mtu anaweza kujaza maboksi kwa maboksi ya wadudu na asijibu swali hata moja, na wapo waliofanya hivyo. Kabla sijaua napaswa kuwa na swali ambalo kifo hiki, na si kingine kisicho na lazima, ndicho kinachoweza kulijibu.

Sababu ya pili inatoka ng'ambo kidogo ya hapa, mwendo wa boti kutoka Kibirizi. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 akaanza kuwatazama sokwe. Aliwapa majina, jambo ambalo baadhi ya wanasayansi wa wakati huo walilipinga wakitaka namba. Alimtambua kila sokwe kwa sura na tabia, na hakuhitaji kumuua hata mmoja ili kumjua. Leo dunia nzima inakubali kwamba kumuua sokwe kwa ajili ya kumtambua kungekuwa uovu. Najiuliza ni nini kilichotufikisha kwenye makubaliano hayo kwa haraka hivyo. Akili ya sokwe, ndiyo. Uchache wao, ndiyo. Lakini pia uso. Huruma yetu hufuata nyuso, na asiye na uso tunaoweza kuusoma tunampa sindano. Sisemi nondo ni sawa na sokwe. Simwamini anayesema hivyo. Nasema kwamba kukosa uso si kosa la kuhukumiwa nalo.

Kwa hiyo uhalali unatoka wapi, kama hautoki kwenye wingi wao wala kwenye "huenda"? Kwa maoni yangu unatoka kwenye kile kitakachofuata baada ya kifo. Sampuli ya mdudu ina thamani ikiwa na vitu viwili: lebo na kabati. Lebo inasema alipatikana wapi, tarehe gani, kwa njia gani, na nani. Nondo aliyekufa bila lebo ni mzoga tu, hata awe mzuri namna gani. Kabati ni mahali ambapo mtu mwingine, asiyenijua wala kuniamini, anaweza kuja baada ya miaka 50 akamtoa, akamchunguza upya, akasema: ulikosea, huyu ni mwingine. Hapo kifo kinageuka ushahidi unaobaki, na ushahidi unaweza kurudiwa bila kuua tena. Majina yote ya spishi yanasimama juu ya msingi huo: ile sampuli iliyotumiwa kumpa spishi jina kwa mara ya kwanza inahifadhiwa, na ugomvi wowote juu ya jina hurudi kwake.

Kabati pia ni ahadi inayoweza kuvunjwa. Septemba 2, 2018 moto uliteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazili huko Rio de Janeiro, na mkusanyiko wa wadudu wapatao milioni 5 ukaangamia karibu wote. Kila mmoja wao alikuwa ameuawa kwa ahadi kwamba atatunzwa.

Sasa ona shida yangu. Kibirizi sina kabati. Nina boksi la viatu. Sisimizi wataingia, ukungu wa masika utaingia, na mende wadogo wanaokula wadudu waliokauka hawana ubaguzi. Kabati za kweli zipo mbali: Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi yana mkusanyiko mkubwa wa wadudu, na nondo wengi wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, wamelala Tervuren nchini Ubelgiji, kwenye jumba lililotokana na maonyesho ya Mfalme Leopold II ya mwaka 1897. Ningeweza kuomba vibali nimpeleke nondo wangu huko. Lakini hapo kuna jambo jingine la haki. Mwanafunzi wa Ujiji atakayetaka kuuhakikisha ushahidi huo atahitaji viza ili kumwona mdudu aliyekufa mtaani kwake.

Kwa hiyo mahali ambapo nukta moja ina thamani kubwa zaidi ndipo palipo na uwezo mdogo zaidi wa kumtunza aliyekufa kwa ajili ya nukta hiyo. Ninaposema kumuua nondo huyu leo si halali kwangu, sitoi hukumu juu ya kila mtu na kila nondo. Yule aliyepasua viwavi mwaka 2016 alikuwa sahihi. Mtafiti mwenye kabati, lebo na swali lililo wazi yuko sahihi akichukua wachache anaowahitaji. Mimi mwenye boksi la viatu siko sahihi, na kinachonitenganisha nao ni mbao na kufuli na mtu wa kulipwa mshahara kuzitunza. Usafi wa moyo hauhusiki. Tumezoea kufikiri kwamba maadili ya tendo yamo ndani ya mtendaji. Hapa naona sehemu kubwa ya uhalali wa mkono wangu imo ndani ya taasisi ambayo ama ipo au haipo.

Mtu anaweza kunijibu kwamba hizi ni mbwembwe, kwa kuwa taa yangu yenyewe inaua. Ana haki ya kusema hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wadudu wanaozunguka taa usiku huigeuzia migongo. Porini usiku sehemu yenye mwanga zaidi huwa ni anga, kwa hiyo kuupa mwanga mgongo humsaidia mdudu kuruka akiwa wima. Taa ya karibu inamfanya ajipinde na kuzunguka hadi achoke au aliwe. Nondo wa barazani hakuja kututembelea. Amepotea njia. Ndiyo maana siku nisizo na kazi naye naizima taa ya nje, na siku za kumbukumbu naiwasha kwa saa moja tu.

Na jibu hilo la mbwembwe limenionyesha njia ambayo sikuwa nimeifikiria mwanzoni. Chini ya taa asubuhi kuna waliokwisha kufa. Mabawa yao yamepauka na mengine yamevunjika, lakini kwa ajili ya jina mabawa si lazima. Tumbo lililokauka linaweza kulowekwa na kuchunguzwa hata baada ya miaka mingi. Waliokufa kwa taa za kutafutia riziki hawajafa kwa ajili yangu. Ninachoweza kufanya ni kuzuia kifo chao kisipotee bure. Nawaokota, naweka kila mmoja kwenye bahasha ndogo ya karatasi, naandika mahali, tarehe na hali ya mwezi. Kwenye boksi nimetia vidonge vyeupe ambavyo watu huweka kabatini kuzuia nondo wasile nguo. Shangazi aliona hilo ndilo la kuchekesha kuliko yote.

Kitu cha pili ninachofanya hakigharimu uhai wowote. Naandika sifuri. Usiku nilipowasha taa na nondo yule asije, naandika kwamba niliwasha, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, na kwamba hakuonekana. Watu wengi huandika walichokiona na kuacha walichokikosa, na ndiyo sababu ramani haziwezi kutofautisha mahali palipotafutwa na mahali palipopuuzwa. Sifuri nyingi zilizoandikwa kwa uaminifu, za giza na za mbalamwezi, za masika na za kiangazi, ndizo siku moja zinazoweza kumpa mtu ujasiri wa kusema "hayupo" bila kudanganya. Mvuvi anayehesabu usiku aliotoka pamoja na ndoo alizorudi nazo anajua zaidi hali ya ziwa kuliko anayehesabu ndoo peke yake.

Nafundisha biolojia sekondari, na wanafunzi wangu wawili wameanza kuandika sifuri za kwao kwenye taa za mtaa wao. Wanachoniuliza kila Jumatatu ni kama jina limepatikana. Kwenye daftari letu safu ya jina imeandikwa Eupithecia, na mbele yake, mahali pa spishi, neno moja la Kiswahili: hajatambuliwa. Mmoja aliuliza kama si aibu kuacha hivyo, wakati kwenye intaneti kuna picha nyingi zinazofanana naye na tungeweza kuchagua moja. Nikamwambia kwamba tukichagua, mtu wa Nairobi au wa Tervuren ataichukua nukta yetu akaiweka kwenye ramani, na mwingine ataijenga hoja yake juu yake, na kwa sababu huku hakuna nukta nyingine ya kuipinga, uongo wetu utakaa peke yake miaka mingi. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kabati la wadudu linagharimu kiasi gani, na kama fundi seremala wa hapa Kibirizi anaweza kulitengeneza.

Tumeshampelekea fundi vipimo. Droo zake lazima zifunge vizuri kiasi cha kutopitisha sisimizi, na amesema hilo ndilo litakalomsumbua.